Wapima Kamba wa Kibosho

Kama kulikuwa na mtu mjini Moshi aliyejua Farao yupi alimrithi Farao yupi, alikuwa Mwalimu Primus. Na kama kulikuwa na mtu ambaye ujuzi huo haukumfaa kitu, alikuwa yeye huyo huyo. Alifundisha historia sekondari maisha yake yote ya kazi, na maisha yake yote ya kazi wanafunzi wake walilala. Wala hawakulala kwa adabu, kichwa kimeinamia daftari kama mtu anayetafakari. Walilala wazi wazi, na wengine wakakoroma. Mtaala ulimtaka afundishe mikataba ya wakoloni na tarehe zake, lakini yeye kila alipopata upenyo alitorokea Babeli, na darasa nalo likapata upenyo wa kutorokea usingizini.

Mkewe, Elifuraha, alikuwa na kauli moja aliyoipenda. "Mume wangu anamjua mama yake Farao kuliko anavyomjua mama mkwe wake." Hakuwa anamsingizia. Siku ya msiba wa huyo mama mkwe, Primus aliwashika waombolezaji mmoja mmoja akawaeleza jinsi Wamisri walivyokuwa wakitoa ubongo wa maiti kupitia puani, mpaka shemeji zake wakamwomba kwa heshima zote aende akasimamie kuni. Huko kwenye kuni akawaeleza wapasuaji.

Basi akastaafu. Shuleni wakampa saa ya ukutani na hotuba fupi, akarudi Kibosho kwenye kihamba chake, shamba la urithi, kuangalia migomba. Migomba ni wasikivu wazuri, hailali, lakini haiulizi maswali. Kwa kweli mzee alikuwa na huzuni, ila hakuna aliyegundua, kwa sababu alikuwa anaongea muda wote.

Huku chini mjini, mtaa wa Soweto, kwenye nyumba yenye geti jeusi, alikaa Theodora, mke wa Fredy wa vifaa vya ujenzi. Theodora alikuwa amewatoa watoto wake wawili shule. Ukimuuliza sababu alikueleza habari za vipaji na uhuru wa mtoto, maneno aliyoyaokota kwenye video za mama mmoja wa ughaibuni anayefundisha wanawe jikoni huku anaoka mikate. Sababu yenyewe ilikuwa fupi zaidi. Siku ya wazazi, mwalimu mkuu alimwita "wewe mama wa huko nyuma" mbele ya kadamnasi, naye akaondoka na watoto wake na kiburi chake kabla chai haijaletwa.

"Sisi sasa ni homeschooling," aliwatangazia watu, ulimi ukijikunja kama jani la mgomba juani. Bi Mwantumu, jirani yake mshona nguo, alielewa kwamba watoto wamefukuzwa shule. Akaja na sahani ya vitumbua kumpa pole. "Usijali, mama, hata wangu mmoja alinisumbua hivyo hivyo," alimwambia, na Theodora akala vitumbua vile kwa hasira mpaka vikaisha.

Programu aliyoinunua mtandaoni ilisema mtoto aanze na historia ya kale. Theodora hakujua historia ya kale ni ipi, alidhani ni ya kabla ya uhuru. Akaenda kumuuliza paroko. Paroko alikuwa mtu aliyechoka kusimamishwa kila baada ya misa kuulizwa habari za Waashuri, kwa hiyo alitaja jina la Primus kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Darasa likafunguliwa kwenye banda la gari. Wanafunzi walikuwa wawili: Elinipendo, binti wa miaka kumi na miwili mwenye jicho la mkaguzi, na mdogo wake Jovin, ambaye bado alikuwa anang'oka meno. Siku ya kwanza Mwalimu Primus aliingia amejiandaa kwa usingizi wao. Akaanza kusimulia jinsi watu wa kale walivyochimba mifereji kutoka mtoni, maji yakafika mashambani, ngano ikawa nyingi, halafu wakaanza kugombana nani kafungulia maji usiku kwa siri. Hapo akameza mate.

"Halafu?" akauliza Jovin.

Neno hilo Mwalimu Primus hakuwahi kuambiwa na mwanafunzi tangu ashike chaki. Aliomba ruhusa, akaenda chooni, akajifuta macho kwa kiganja, akarudi na kuendelea. Tangu siku hiyo watoto wale wawili wakawa ndio maisha yake. Alfajiri aliteremka kutoka Kibosho anatabasamu peke yake njiani, watu wakadhani ameanza mambo ya uzeeni. Alikuwa tayari kufanya lolote ili asiwapoteze. Lolote ni neno la hatari sana kwa mtu mwoga, lakini wakati ule hakuna aliyekuwa amempima.

Na alifundisha, tusimnyime haki yake. Alileta udongo wa majarubani Mabogini ndani ya mfuko wa saruji, watoto wakafinyanga vibao na kuandika juu yake kwa kijiti cha mwanzi, kama makarani wa Babeli. Vibao vilianikwa juu ya boneti ya gari la Theodora, na kelele alizopiga mama huyo zilisikika mpaka stendi. Akawaandikisha barua za watu waliokufa zamani. Mwoka mikate wa Uru, ule mji wa kale karibu na Babeli, anamlalamikia jirani yake ambaye punda wake amekula unga. Elinipendo aliiandika barua hiyo kwa uchungu hasa, na Bi Mwantumu aliposomewa akauliza huyo jirani anakaa mtaa gani.

Ila utamu wenyewe ulikuwa kwenye michezo. Walicheza soko la Babeli kwa maharage. Walicheza mafuriko ya Nili kwa mpira wa kumwagilia, bustani ya maua ikaenda na maji. Na baada ya mafuriko wakacheza wapima kamba. Mwalimu aliwaeleza kwamba Nili ilipofurika ilifuta mipaka yote ya mashamba, na maji yakishapungua, maofisa wa Farao walikuja na kamba yenye mafundo, wakainyoosha, wakamrudishia kila mtu shamba lake palepale lilipokuwa. "Kamba haimjui tajiri," aliwaambia, kidole juu. "Kamba inajua kunyooka tu." Alilipenda sana neno hilo, na alilirudia mpaka mpishi wa nyumba akalijua.

Mchezo wa mwisho ulikuwa baraza la mfalme Hamurabi. Huu ulileta shida. Jovin alipewa ujaji, akajifunza kwamba huko Babeli mtoto akimpiga baba yake anakatwa mkono, na mchana ule ule akamhukumu mlinzi wa geti kukatwa mkono kwa kosa la kulala kazini. Alikuwa tayari ameshaingia jikoni kutafuta kisu. Theodora akaja mbio. "Mwalimu! Kwenye programu yangu hakuna kukata watu!"

Primus akakuna kichwa siku nzima, akapata wazo, na alipolipata alijiona ametangulia wasomi wote wa dunia. Adhabu za Babeli angezibadilisha na isale.

Asiye wa huku mlimani aelezwe. Isale ni jani refu la kijani, ndilo tunalooteshea mipaka na makaburi. Mtu akikosa kosa ambalo maneno hayatoshi, hulifunga fundo akalipeleka, yeye au mtu wake, kwa yule aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Unaweza ukanuna, unaweza ukalia, lakini unalipokea, na likishapokelewa kesi imefungwa. Mkosaji amekiri, mkosewa amesamehe, na kilichochukuliwa kinarudi kwa mwenyewe. Wapo watu walioletewa isale na wauaji wa ndugu zao wakapokea.

Kitu hicho ndicho Mwalimu Primus alichokitia kwenye mchezo wa watoto. Kanuni yake ilikuwa hii: atakayeshindwa kesi apeleke isale kwa aliyeshinda. Alimweleza mkewe jioni wakimenya ndizi, akisubiri kusifiwa.

"Primus," alisema Elifuraha, "isale halichezewi."

"Mama, hicho ni kifaa cha kufundishia tu."

Elifuraha alimwangalia kama anavyomwangalia kuku aliyejipeleka jikoni mwenyewe, akaendelea kumenya ndizi.

Watoto waliushika mchezo kwa mikono miwili. Masale ya uzio wa nyumba ya Soweto yakaanza kupata upara. Mpishi aliletewa isale na Jovin kwa kosa la kudokoa sukari. Theodora naye aliletewa, kwa kioo cha dirisha kilichovunjwa na mpira, akalia kwa furaha, akampiga picha mwanawe na jani lake, akaituma kwa kila mtu aliyekuwa na simu. Elinipendo alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko wote. Alikuwa haleti isale mpaka amepeleleza, ameuliza mashahidi, na amehakikisha. Mwalimu wake alimtazama na kifua kikajaa. Hakuwahi kuwa na mtoto wa kike, na kama angekuwa naye, angetaka awe huyu.

Ikafika Krismasi. Kila mwenye asili ya mlimani akapanda nyumbani, magari yakapangana barabarani na mbuzi wakaanza kuwa na wasiwasi. Fredy alipanda na familia yake mpaka kihamba cha marehemu baba yake, Kibosho, si mbali na kwa Primus.

Kihamba hicho kilikuwa na historia yake, na si ya kale. Baba mtu alikuwa na wana wa kiume wawili, Martin mkubwa na Fredy mdogo. Kabla hajafa alikigawa kati kwa kati, akausia azikwe mpakani penyewe, ili hata akiwa ardhini akae katikati ya wanawe wasigombane. Akazikwa hapo. Baadaye Martin naye akafa, akabaki mjane wake, Mektrida, na migomba yake na kahawa yake. Kuanzia hapo masale ya mpakani yakaota miguu. Kila Krismasi Fredy alikuja na vibarua "kurekebisha uzio", na kila uzio uliporekebishwa ulisogea upande wa mjane. Kwanza mgomba mmoja ukahamia kwa Fredy, halafu mstari wa kahawa, halafu mistari zaidi. Sasa kaburi la mzee lilikuwa ndani kabisa ya shamba la Fredy, mzee wa watu analinda upande mmoja tu.

Ukoo mzima uliona, maana macho hayana pazia. Lakini Fredy ndiye aliyekuwa analeta mbuzi wa Krismasi, na makreti, na ndiye aliyetoa mabati ya kanisa. Midomo ilikuwa na kazi ya kutafuna. Mektrida mwenyewe alisema mara moja, kwenye kikao, akaambiwa asubiri wakae walizungumze kifamilia. Alikuwa bado anasubiri.

Na Mwalimu Primus? Mwalimu Primus alikuwa anapita kwenye njia ya kando ya kihamba hicho kila siku ya Mungu. Aliona masale yanavyotembea tangu yalipoanza. Lakini utaalamu wake ulikomea pale Roma ilipoanguka, na mambo yote ya baada ya hapo aliwaachia wengine. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na tangu Fredy awe baba wa wanafunzi wake, alijiambia kwa sauti ya juu zaidi.

Theodora alitaka maonyesho, akamwalika Mwalimu Primus na mkewe. Kulikuwa na mawifi waliokuwa wamenong'ona kwamba watoto wake wanakaa tu nyumbani wanachezea udongo, na alitaka kuwafunga midomo mbele ya ukoo. Mchana, ndafu ya mbuzi mzima ikiwa inageuzwa motoni na pombe ya mbege imeshazunguka, akapiga makofi kuomba utulivu. Fredy akakalishwa kwenye kiti kikubwa awe mfalme, na Jovin akamvika taji la boksi lililofunikwa karatasi ya kung'aa ya jikoni. Fredy alilipenda taji hilo. Alilisogeza kidogo likae upande, akapigwa picha.

Mwalimu Primus alikuwa amepanga wapimie palepale uani, kati ya jiko na simtanki. Alieleza Nili, alieleza mafuriko, akasema neno lake la kamba haimjui tajiri, wazee wakatikisa vichwa kwa heshima ya mtu asiyeelewa lakini ameshiba. Halafu Elinipendo akashika kamba na kusimama.

"Mwalimu, lakini hapa hakuna mpaka," alisema.

"Tujifanye upo, mwanangu. Tuweke jiwe hapa na jiwe pale."

"Ulisema wapima kamba walikuwa wanaenda kwenye mpaka wenyewe. Ulisema kujifanya ni kazi ya makarani wavivu."

Watu wakacheka. Primus alihisi jasho likimteremka mgongoni, na jua halikuwa kali. "Leo sikukuu," alisema, "tusiwachoshe wazee."

"Nani kachoka?" Mzee Aloisi, mkubwa wa ukoo, aliuliza kutoka nyuma ya mbavu za mbuzi. "Waache watoto waonyeshe sawasawa!"

"Nendeni kule kwenye masale!" alisema Fredy, mkono mmoja kwenye taji. "Kwani kuna nini?" Alikuwa hatanii. Mtu akila cha mwenzake kwa muda mrefu husahau kwamba hakikupakuliwa kwake.

Ukoo ukahamia shambani, na vikombe vyao mkononi, na Fredy akabebewa kiti chake cha mfalme. Elinipendo alifuata utaratibu kama alivyofundishwa. Akamwendea Mzee Aloisi, akamwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akamuuliza: "Babu, kabla ya mafuriko mpaka ulipita wapi?"

Mzee Aloisi alikuwa anatafuna, na mtu anayetafuna hajibu kwa siasa. "Toka jiwe la mfongo," alisema, "unapita juu ya kaburi la babu yako, unatokea njia ya kanisani. Kila mtu anajua." Kisha akaacha kutafuna, maana alisikia alichokisema.

Jovin alikwishakimbia mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, akakanyaga jiwe na kuishika kamba kwa tumbo. Elinipendo akaivuta. Ikapita juu ya kaburi, ikanyooka mpaka njiani, nyeupe juu ya majani. Masale yalikuwa kule ng'ambo, katikati ya kahawa ya Mektrida, yamesimama kama wageni waliokosea nyumba.

"Mwalimu!" Jovin alipiga kelele za furaha. "Mpaka umehama! Tufungue kesi?"

Dada mtu ndiye aliyeifungua. "Kahawa hizi alipanda nani?"

"Baba mkubwa Martin," alisema Jovin, kwa kuwa hilo pia kila mtu alijua.

"Nani alihamisha masale?"

"Baba. Krismasi iliyopita mimi ndiye niliyemshikia koleo."

Alilisema kwa majivuno. Aliona ni sifa kubwa, kushika koleo la baba. Mawifi waliangalia vikombe vyao. Fredy alikuwa bado amevaa taji.

Elinipendo hakucheka wala hakumwonyesha mtu kidole. Sura yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mzima, na Mwalimu Primus alimwona akifikiri, na akajua anafikiri nini, na hakusogeza mguu. Binti akainama, akang'oa isale moja pale kwenye kahawa, akalifunga fundo, akawapita wazee wote mpaka alipokuwa Mektrida, nyuma kabisa, mikono yake ina unga wa kitawa, chakula cha ndizi alichokuwa anakoroga kwa ajili ya watoto wadogo.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimeleta isale kwa niaba ya baba."

Hata mbuzi aliyekuwa anageuzwa akaachwa aungue upande mmoja. Watu walikuwa wamewahi kuona isale linapelekwa, lakini hawakuwahi kuona linapelekwa huku mkosaji mwenyewe amekaa kiti cha mfalme.

"Mwalimu," alisema Fredy. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya upole, ile anayotumia kumfukuza mteja mkopaji. "Hebu waeleze wazee hawa kwamba huo ni mchezo tu."

Wote wakamgeukia Primus. Miaka yote alikuwa ametamani umati unaomsikiliza usiolala, na siku hiyo aliupata, na aliuchukia. Alimwona Theodora anamwangalia bila kupepesa, na kwenye macho yale aliona Januari, banda la gari, vibao vya udongo, na sauti ya Jovin ikisema halafu. Angesema neno moja la kweli, vyote hivyo vingekwenda. Angesema neno moja la uongo, vingebaki. Alijiambia kwamba ukweli unaweza kusubiri, historia ina subira, imesubiri miaka elfu nne. Alijiambia mengi kwa muda mfupi, maana msomi akitaka kukimbia hakosi sababu.

"Wazee wangu," alisema. Akakohoa. "Kama anavyosema mwenyeji wetu. Huu ni mchezo tu. Na kamba yenyewe ni ya katani, ikipata unyevu inavutika, huwezi kuiamini. Hizi habari za Misri ni za kuwafurahisha watoto. Si mambo ya kweli ya watu wazima."

Elinipendo aligeuka akamwangalia. Hakuwa na hasira. Alimwangalia tu, kama anavyokagua kibao cha udongo kuona kama kimepasuka.

Mektrida ndiye hakumwangalia. Alijifuta mikono kwenye khanga taratibu, kidole kwa kidole, akanyoosha mikono miwili, akalipokea isale.

"Mambo ya mchezo mimi siyajui, mimi sijasoma Misri," alisema. "Nimeletewa isale, na mtoto wa damu yake. Nimepokea. Shemeji Fredy, nimekusamehe."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, akashtuka mwenyewe, halafu wengine wakamfuata. Mzee Aloisi akaweka mfupa chini. Alikuwa mwoga miaka mingi kama wote, lakini sasa kazi ngumu ilikuwa imefanywa na mtoto, na kilichobaki kilikuwa rahisi. "Likishapokelewa limepokelewa," alisema. "Anayetaka kulikana asimame alikane hapa, juu ya kaburi la baba yake, tumwone."

Fredy alisimama. Akaangalia kaburi, akaangalia mawifi, akavua taji akalishika mkononi asijue pa kuliweka. "Asante, shemeji," alisema hatimaye, na maneno hayo mawili yalimtoka kwa shida kuliko yale ya kiapo cha ndoa. Kabla ndafu haijakatwa, vijana wa ukoo walikuwa wameshayang'oa masale na kuyarudisha kwenye mstari wa kamba ile isiyoaminika, na Fredy akashikishwa ncha moja.

Kwa hiyo uongo wa Mwalimu Primus haukuzuia kitu. Mjane alipata kahawa yake bila msaada wake, na licha yake. Alikuwa ameiuza heshima yake mnadani na mnunuzi hakutokea. Theodora alimfuata penye migomba, uso mkavu. "Mwalimu, Januari usijisumbue. Watoto wanaenda bweni." Primus alitaka kusema kwamba yeye alisema vile alivyotakiwa kusema, kwamba alikuwa upande wao, lakini alisikia jinsi maneno hayo yatakavyokaa yakitoka, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza akiwa na jambo la kusema.

Elifuraha alikuwa amekaa karibu na Mektrida, wanapakuliana kitawa. Alimwona mumewe anaelekea njiani na hakumwita. Alikuwa ameshasema lake wakati wa kumenya ndizi.

Primus alikuwa amefika kwenye kipenyo cha uzio aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Elinipendo, na kamba amekwishaikunja vizuri, mafundo yote upande mmoja, kama alivyofundishwa. Akampa kwa mikono miwili, maana mwalimu ni mwalimu.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Wale wa Misri," alisema. Alikuwa anataka kujua kweli, hakukuwa na kejeli hata kidogo kwenye sauti yake. "Na wao walikuwa wanacheza tu?"

Mwalimu Primus, aliyejua kila kilichotendeka kutoka mdomo wa Nili mpaka maporomoko yake, ambaye hajawahi kukosa jibu la Misri hata msibani, aliinama haraka, akajifanya anakaza kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa makubazi, na mtoto alisimama pale pale akayaangalia.